Nani Alimwambia Mlezi

Lifti ya jengo lile la maduka ilikuwa na tabia ya kususa. Siku za kawaida ilipanda kwa manung'uniko. Siku za msongamano iligoma kabisa. Jumamosi moja ya mwisho wa mwezi, chini watu wamefurika kama siafu, ilisimama katikati ya ghorofa ya tatu na ya nne na kuzima taa. Ndani alikuwamo mtu mmoja tu, mshonaji wa nguo za harusi ambaye wenzake walimwita Sindano. Jina hilo alilipata kwa wembamba wake, likakolea kwa ulimi wake.

Alikuwa amevaa gauni la zambarau alilolishona mwenyewe, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni, na kifuani amekumbatia gauni jeupe la mteja lililofungwa kwenye nailoni.

"Kuna mtu humo?" sauti ya kiume iliuliza kutoka juu.

"Hapana. Ni lifti inapumua."

Kicheko kikasikika. "Basi iambie lifti isibonyeze kitufe chochote."

"Nimeshabonyeza vyote."

"Hata cha ghorofa ya sita?"

"Hicho nimekirudia."

"Dada yangu, jengo hili halina ghorofa ya sita."

"Kitufe kipo."

"Ndiyo maana imenuna. Unataka ikupeleke mbinguni na hujaaga kwenu."

Sindano alicheka gizani bila kupenda. Mlango ulipofunguliwa kwa chuma, mwanga ukaingia pamoja na uso wa kijana mweusi mwenye mwanya, ovaroli ya buluu imemjaa grisi mpaka kwenye viwiko. Akamnyooshea mkono.

"Pokea bibi harusi kwanza," Sindano alisema akiinua gauni. "Ukimpaka grisi, hutatoka hai."

Yule fundi aliitazama mikono yake, akavua ovaroli mpaka kiunoni, akalipokea gauni kwa fulana yake safi kama anayepokea kichanga. Ndipo alipomvuta mwenye gauni.

Tangu hapo lifti ile ikawa mgonjwa asiyepona. Kila wiki fundi alionekana ghorofa ya nne akigonga mlango wa chumba cha ushonaji, eti anauliza kama kuna aliyesikia mlio usio wa kawaida. Washonaji wakaanza kukohoa kila alipotokea. Jioni simu ziliita.

"Sindano."

"Nani mwenzangu?"

"Fundi."

"Mji mzima ni mafundi. Fundi gani?"

"Yule aliyembeba bibi harusi wa watu. Sasa anatafuta wa kwake."

"Tafuta dukani. Wapo wa plastiki, hawali wala hawanuni."

"Mimi nimezoea vinavyonuna, mpenzi."

Alicheka, akakata simu, kisha akakaa kitandani akiitazama dawa yake ya jioni. Kila alipofurahi namna ile, hofu ilimjia nyuma yake kama mtu anayemfuata njiani na kusimama kila anaposimama. Alizaliwa na virusi. Mama yake na baba yake walifariki akiwa mdogo, akalelewa na shangazi aliyempenda kwa mapenzi ya kujificha: alimnunulia viatu vizuri, akamlipia ufundi, na akamfundisha kwamba siku watu wakijua, atakuwa hana mtu. Shangazi mwenyewe alishakufa, lakini maneno yake yalikuwa hai.

Mchana mmoja Fundi alimpandisha mpaka juu ya paa, kwenye chumba cha mashine ya lifti, amwonyeshe kazi yake. Kulikuwa na gurudumu kubwa na kamba za chuma zilizopita juu yake.

"Hizi ndizo zinazobeba roho za watu," alisema.

"Moja ikikatika?"

"Zilizobaki zinashika. Hatumwachii mmoja mzigo wote."

Sindano akaona asiposema sasa hatasema tena. "Nina neno. Ukitaka kukimbia, ngazi ziko kulia kwako."

"Una mume."

"Nina virusi vya Ukimwi. Nilizaliwa navyo."

Gurudumu likaanza kuzunguka. Kuna mtu alikuwa ameita lifti huko chini. Fundi alilitazama mpaka liliposimama.

"Unakunywa dawa?"

"Kila siku, tangu nikiwa mtoto."

"Nipe muda," alisema, akashuka kwa ngazi.

Jioni ile simu haikuita. Sindano hakulia. Alikunja nguo zake zote upya, kama mtu anayejiandaa kuhama. Lakini kesho yake mchana Fundi alikuwa mlangoni pa chumba cha ushonaji, macho mekundu, akamwita kwenye korido.

"Nimekwenda kumuuliza daktari. Anasema mtu akinywa dawa vizuri mpaka virusi vikafubaa visionekane kwenye vipimo, hamwambukizi mwenzake."

"Hilo ningekwambia mwenyewe."

"Najua. Nilitaka nilisikie kwa mtu nisiyempenda, nisije nikaamini kwa sababu ni wewe."

Sindano alimsogelea. "Liishie kwetu wawili. Niapie."

"Naapa."

"Hata mama yako asijue."

"Hasa mama yangu," Fundi alisema, na kicheko chake hakikufika machoni.

Mama yake alikuwa mjane anayeheshimika mji mzima, mlezi wa jumuiya ya akina mama, na watu walikuwa wameshasahau jina lake jingine zaidi ya hilo la Mlezi. Ndiye aliyewafunda mabinti kabla ya ndoa, ndiye aliyepatanisha waliogombana. Tena ndiye, miaka ya nyuma, aliyemwambia mwanamke mmoja aliyesengenywa kuwa ana ugonjwa huo asiguse vyungu vya shughuli. Alimwambia kwa upole, mbele ya wote. Yule mwanamke alihama mji, na tangu hapo ugonjwa huo haukutajwa tena nyumbani kwa Mlezi.

Siku ya kumtambulisha mchumba, Sindano alivaa gauni la kijivu lenye mikono mirefu na viatu visivyopiga kelele. Nyumba ilinukia sabuni. Mapazia meupe yalikuwa yamepigwa pasi, na ukutani picha ya marehemu baba yake Fundi, aliyekufa kwa moyo, ilikuwa imening'inizwa sawasawa kabisa. Mlezi alitokea jikoni na sinia la vinywaji. Alipoinua macho akamwona mgeni, sinia liliinama na bilauri zikagongana.

"Karibu, mwanangu," alisema, akitazama kidevu cha Sindano badala ya macho.

Walikaa. Walikunywa. Mlezi aliongea juu ya joto, juu ya bei za vitambaa, juu ya mvua. Hakuuliza Sindano ni wa nani wala alikulia wapi.

"Amekupenda," Fundi alisema njiani, mwanya wote nje. "Mama yangu kutouliza swali hata moja, haijawahi kutokea."

"Ndiyo inayonitisha," Sindano alijibu.

Haukupita muda mrefu Mlezi akapanda ghorofa ya nne. Alikuja asubuhi, kitambaa cha kichwa kimefungwa bila kunyanzi, lulu shingoni, akasalimia kila mshonaji na kumsifia Madamu, mwenye duka, kwa usafi wa kazi. Alitaka gauni, alisema, na alitaka apimwe na yule binti mwembamba.

Nyuma ya pazia la kupimia, vyerehani vikinguruma upande wa pili, Sindano alimwomba ainue mikono. Mlezi aliinua. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama anayeuliza bei:

"Lile kopo la vifungo unalotilia vidonge vyako, unalificha wapi?"

Utepe ulimteleza Sindano vidoleni.

"Okota. Endelea kupima."

"Nani amekwambia, mama?"

"Mwana hamfichi mama yake." Mlezi alinyoosha shingo apimwe. "Sikiliza. Nina mtoto mmoja na sitamzika. Utamwacha wewe, kwa mdomo wako, na hutamwambia nilifika hapa. Ukimwambia, Madamu wako atajua, na kila bibi harusi wa mji huu atajua ni mikono gani inashika nguo yake. Mimi si mtu mbaya, mwanangu. Nimekupa nafasi uondoke na heshima yako."

"Lakini yeye mwenyewe..."

"Kiuno hujapima."

Sindano akapima kiuno. Alichanganya namba, akapima tena. Mlezi alitoka akiaga kila mtu, na Madamu akasema laiti wateja wote wangekuwa na adabu kama ile.

Kwa Sindano lilibaki jambo moja tu kichwani. Mtu mmoja alijua siri ile, na mtu huyo aliapa. Kikulacho ki nguoni mwako. Yeye aliyeshona nguo za watu kutwa nzima hakuiona iliyokuwa mwilini mwake. Jioni simu ilipoita aliipokea akiwa amesimama.

"Sindano wangu, leo umekula nini?"

"Usinipigie tena."

"Hiyo ni salamu mpya?"

"Nimechoka na wewe. Nimemaliza."

Utani ulimtoka Fundi. "Nimekosa nini?"

"Unakijua ulichokosa."

"Sikijui. Nitajie hata herufi ya kwanza."

"Kaa na mama yako mkitafute pamoja," alisema. Papo hapo akaogopa kuwa amesema zaidi ya alivyoruhusiwa, akakata simu na kuizuia namba ya Fundi.

Fundi alikuja dukani, akaambiwa yuko na mteja. Alikuja tena, akaambiwa ametoka. Alisimama kwenye korido na ovaroli yake, washonaji wasijue pa kutazama, kisha akaacha kuja. Ikafika wakati lifti ikiharibika, kampuni yao ikawa inamtuma fundi mwingine, mzee asiyependa mazungumzo.

Sindano alishona. Alishona magauni ya wenzake wanaoolewa, akatega masikio. Kila Madamu alipomwita alikwenda na mkoba wake begani. Kila mteja aliyenong'ona na mwenziwe alimfanya aitazame mikono yake. Mlezi hakusema kitu kwa mtu. Hilo nalo lilimtesa, maana panga lililoinuliwa lisishuke linachosha shingo kuliko lililoshuka.

Siku yake ya kuchukua dawa ilipofika alikwenda hospitali, akalizunguka jengo kubwa, akaingia lile dogo la nyuma lenye madirisha ya kijani. Alipokea dawa dirishani, akaingia kwenye kibaraza cha ndani ambako waliokwisha kupewa dawa hupitia wakitoka, na kama kawaida akavihamisha vidonge kutoka kwenye chupa kwenda kwenye kopo lake la vifungo, akaweka pamba juu ili visilie mkobani. Alikuwa anafunga kifuniko, mkono wake ukasita.

Hakuwahi kumwambia Fundi habari ya kopo.

Alimwambia anakunywa dawa. Hakumwambia anaibeba vipi. Aliona aibu, lilikuwa jambo dogo la kitoto. Kopo lile hakulifungua mbele ya mtu yeyote isipokuwa hapa, kwenye kibaraza hiki. Na hapa hapakuwa na wapita njia. Mtu hakuweza kuingia ila awe amepitia dirishani, naye mkononi ana dawa zake.

Alikaa kwenye benchi. Ikamjia picha ya mwanamke mmoja aliyezoea kukaa kwenye ile kona, mtandio mpaka kwenye nyusi, miwani myeusi hata siku za mawingu, asiyesalimia wala kusalimiwa. Hapa watu hawatazamani. Ndiyo adabu ya mahali. Lakini mikono huonekana, na mikono ile alikuwa ameiona karibu mno siku ile nyuma ya pazia, ilipoinuliwa ipimwe.

Mwanzoni alihisi ushindi mchungu. Fundi hakumsaliti. Na sasa hata yeye alikuwa na panga. Neno moja tu kwa yule fundi mzee, au kwa Madamu mwenyewe, lingefika kwa jumuiya kabla jua halijazama. Alitembea kurudi kazini akilisema neno hilo kimoyomoyo, akilionja. Akaamua kusubiri. Angemkuta Mlezi palepale kibarazani, amsalimie kwa sauti, aone miwani ile itaelekea wapi.

Hakumkuta. Mara iliyofuata pia kona ilikuwa tupu, na Sindano, aliyekuja na maneno yake makali yamepangwa, akaanza kuhisi baridi.

Wiki hiyohiyo alikutana na Fundi kwenye ngazi. Alikuwa amekonda, ndevu hazijanyolewa, ovaroli imekuwa kubwa. Walisimama kila mmoja ukutani kwake, watu wakipita katikati yao na mizigo.

"Sikukufuata wewe," Fundi alisema. "Mzee ameomba nimshikie zamu."

"Umekonda."

"Mama anaumwa. Homa haikatiki, koo limejaa vidonda, hawezi kula. Hospitali hataki hata kuisikia. Akina mama wanakuja kumwombea, anatabasamu, wakitoka analia."

"Tangu lini?"

"Alianza kudhoofika miezi kadhaa baada ya wewe kuja kwetu."

Sindano alishika reli ya ngazi. Miezi kadhaa baada ya yeye kwenda kwao. Tangu siku ile bilauri zilipogongana kwenye sinia, Mlezi hakurudi tena kwenye jengo la nyuma, kwa sababu kule angekutana na mtu anayemjua. Alikuwa ameacha dawa.

"Nenda kazini," alimwambia Fundi. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine. "Nenda tu."

Aliomba ruhusa kwa Madamu, hakungoja kujibiwa.

Mlango wa nyumba ya Mlezi ulikuwa umerudishwa tu. Mapazia yalikuwa yamefungwa mchana ule na sabuni haikunukia tena. Kulikuwa na harufu ya mtu aliyelala muda mrefu. Mlezi alikuwa kitandani, kitambaa cha kichwa bado kimefungwa vizuri. Alimtazama Sindano akiingia kama anayemtazama mdai.

"Umekuja kucheka."

"Nimekuja kukuchukua."

"Umemwambia?"

"Sijamwambia mtu. Si langu hilo."

Mlezi alifumba macho. Midomo yake ilikuwa imepasuka na ilimuuma kusema. "Umejuaje?"

"Kopo. Wewe ndiye uliyeniambia, mama, siku ile. Sikusikia vizuri tu."

Nje mtu alipita akipiga mluzi, na Mlezi akaangalia dirisha kwa hofu hadi mluzi ulipopotea.

"Miaka yote hiyo," alisema. "Tangu marehemu. Nilisema ni moyo. Nilisema kwa kila mtu mpaka nikaamini. Kisha unaingia kwangu, mkono kwa mkono na mwanangu. Nilijua umenitambua. Nilijua utasema."

"Sikukutambua. Ulivaa miwani."

Mlezi alitoa sauti ambayo ingekuwa kicheko kama kifua kingeruhusu. Alikohoa mpaka Sindano akamwinua na kumwegemeza begani. Alikuwa mwepesi kama nguo isiyo na mtu ndani.

"Twende, mama."

"Wataniona."

"Tutapita mlango wa mbele kama wagonjwa wengine. Mimi nitahamia kliniki nyingine, hutaniona tena kule."

"Niapie hutamwambia mwanangu."

"Sitamwambia. Ila akiniuliza, sitamdanganya. Nitamwambia akuulize wewe."

"Hilo si ni sawa na kumwambia?"

"Hapana," Sindano alisema. "Ukinyamaza wewe, nami nitanyamaza. Lakini hatakuzika kwa uongo akiwa ameshikwa mkono na mimi. Chagua, mama. Siwezi kukuchagulia."

Fundi aliwakuta hivyo. Hakuwa amekwenda kazini, alimfuata. Alisimama mlangoni akimwona mama yake amelaza kichwa begani mwa mwanamke aliyemkimbia bila sababu, naye mwenyewe alikuwa fundi, kazi yake ilikuwa kusikiliza mlio na kujua ni nini kilichokatika ndani.

"Kuna nini ambacho sikijui?" aliuliza.

"Muulize mama," Sindano alisema. Akamlaza Mlezi taratibu, akatoka, akaufunga mlango nyuma yake.

Alikaa sebuleni chini ya picha ya marehemu. Kwa muda mrefu hakusikia kitu. Kisha sauti ya Mlezi, chini sana, ikisimama na kuanza tena. Kisha Fundi akilia, kilio cha mtu anayejitahidi asisikike. Sindano aliinuka akaita gari.

Hospitali walimlaza Mlezi siku hiyohiyo. Daktari alisema kifua kimeshambuliwa na kwamba wangechelewa kidogo tu kusingekuwa na la kufanya. Hata sasa hakuahidi kitu. Walikaa kwenye korido, Fundi na Sindano, kwenye viti vya chuma.

"Ulijua," Fundi alisema.

"Si kwa muda mrefu."

"Na kabla ya hapo ulidhani ni mimi niliyesema."

"Nisamehe."

"Uliniacha nikuchukie."

"Ulinichukia?"

"Nilijaribu. Kazi ilinishinda." Alijipangusa uso kwa mkono wa ovaroli akajipaka grisi shavuni. "Mimi najua kutengeneza vitu vilivyokwama, Sindano. Halafu nyumbani kwangu watu wawili wamekwama na mimi nazunguka nje nikiuliza nimekosa nini."

Sindano alimfuta ile grisi kwa kidole gumba. Haikutoka, ilisambaa tu.

Siku zilipita Mlezi akiwa kati ya huku na kule. Dawa alirudishiwa. Homa ilishuka, ikapanda, ikashuka. Na siku moja, saa ya kutembelea wagonjwa, jumuiya ikaja, akina mama waliovaa vizuri, wakiongozwa na katibu wao, mwanamke mnene mwenye sauti ya kubembeleza. Walimkuta Sindano akimlisha Mlezi uji. Walikizunguka kitanda upande wa kichwani. Katibu aliushika mkono wa mgonjwa.

"Mlezi wetu," alisema, "tunaomba usiku na mchana. Lakini watu wanasema mengi huko nje. Hebu tuambie, tuombe juu ya ugonjwa gani hasa?"

Wodi ilikuwa na vitanda vingi, na vitanda vya jirani vilinyamaza. Sindano alirudisha kijiko bakulini. Fundi alikuwa miguuni pa kitanda na hakusogea. Mlezi aliwapitia kwa macho mmoja mmoja, wanawake aliowafunda, na ilionekana wazi kwamba angeweza kusema ni moyo na wote wangeitikia.

"Ule niliowakataza kuutaja nyumbani kwangu," alisema. "Ukimwi. Kama aliniletea marehemu au nilimpelekea mimi, hatukuwahi kuulizana."

Katibu aliutoa mkono wake, akaupangusa polepole kwenye gauni lake, na pengine hakujua kwamba anaupangusa. Mlezi aliuangalia mkono ule unavyokwenda na kurudi juu ya kitambaa.

"Hivyo hivyo," alisema kwa upole. "Ndivyo nilivyowafundisha."

Waliaga haraka. Habari iliwatangulia kufika mjini, na ilipofika kwa Madamu ilikuwa imeota miguu mingine: yule mshonaji anayemlisha mgonjwa, naye mbona mwembamba hivyo, naye yumo. Madamu alimwita Sindano ofisini, akamsifia kazi, akasema mabibi harusi wameanza kuuliza maswali. Sindano hakumngojea amalize. Alichukua mkasi wake na cherehani alichokinunua mwenyewe, Fundi akakibeba mpaka chini kwa ngazi, ghorofa zote, kwa sababu lifti ilikuwa imesusa tena. Alichokiogopa maisha yake yote kilikuwa kimetokea, na alipofika nje alishangaa kuona bado ana miguu.

"Nioe basi," alimwambia Fundi pale barabarani, watu wakiwapita. "Sasa sina hata cha kuficha."

"Mimi ndiye niliyepaswa kusema hivyo."

"Umechelewa. Shusha cherehani kwanza, utavunjika mgongo kabla hujaolewa."

Mlezi alitoka hospitalini akitembea kwa mkongojo. Ndoa ilifungwa ofisini kwa msajili, chumba chenye meza, bendera na feni inayolalamika. Kwa upande wa bwana harusi alikuwapo mama yake na yule fundi mzee. Kwa upande wa bibi harusi, washonaji wawili waliotoroka kazini. Lakini walipogeuka waliona mlango umejaa. Jumuiya ilikuwa imekuja, haikuingia, ilisimama kizingitini kutazama, na Katibu alikuwa mbele, mkoba kifuani kama ngao.

Msajili alisoma maneno yake, akainua kichwa, akauliza kama kuna mwenye pingamizi juu ya ndoa hii.

Feni ilizunguka. Sindano alisikia nyuma yake viatu vikisogea na mtu akivuta pumzi kama anayetaka kusema. Vidole vya Fundi vilikaza juu ya vyake. Ndipo kiti cha mbele kilipolia, na Mlezi akainuka kwa mkongojo, taratibu sana, akageuka akautazama mlango. Alisimama tu, mwembamba, kitambaa kimefungwa bila kunyanzi, akimtazama kila mmoja aliyesimama pale kwa zamu, mpaka kila mmoja alipotafuta pengine pa kuweka macho yake.

"Endelea, baba," alimwambia msajili, bado akiwapa mgongo maharusi. "Mkwe wangu anangoja."